Siku Pikapu ya Baba Ilipogoma Kerege

Mwaka jana jirani yangu alipandisha mashua yake ufukweni ili aikalafati, yaani azibe nyufa zake kwa pamba na sifa, na upepo wa asubuhi ukaniletea harufu ya sifa mpaka uani. Kwa nyinyi mnaoishi bara, sifa ni mafuta ya ini la papa, na inanuka kweli kweli. Mtu akiinusa mara ya kwanza hudhani kuna mzoga umesahauliwa chini ya kitanda. Wajukuu zangu walikimbilia ndani wakafunga madirisha. Mimi nilibaki pale pale na fagio mkononi, nikavuta pumzi ndefu, na kilichonijia hakikuwa mashua wala bahari. Ilinijia petroli. Maana katika maisha yangu nimenusa sifa na petroli kwa pamoja safari moja tu, na kisa cha safari hiyo sijapata kukisimulia chote mpaka leo.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mama alikuwa amefariki alipomzaa mdogo wetu Saumu. Miaka sita baadaye Baba naye akashikwa na homa, siku ya tano tukamzika. Tulibaki watatu: mimi, Hamadi wa miaka kumi, na Saumu. Na pikapu.

Baba aliinunua pikapu hiyo kwa meneja mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa akirudi kwao, miaka michache baada ya Uhuru. Ilikuwa ya kijani, mlango wake wa kushoto ulifungwa kwa kamba, na ilikuwa na desturi ya kutikisika yote hata baada ya kuzimwa, kama mbuzi aliyetoka majini. Ilibeba nazi za kwetu Mlingotini na mahindi ya Fukayosi, na siku za harusi ilibeba magodoro na wapiga ngoma. Mvua moja ya masika kifuniko cha tangi kilipotelea kwenye tope la Fukayosi. Baba hakuhangaika kutafuta kingine. Alichonga kizibo cha msaji, akakizungushia kipande cha mpira wa baiskeli ili kibane, kisha akaweka spoki kwenye makaa na kuchoma tundu jembamba katikati, kutoka juu mpaka chini. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshikia hicho kizibo. Moshi wake uliniingia machoni, na sikumwuliza tundu la nini.

Nilipenda kukaa karibu naye alipokuwa akitengeneza. Wenzangu walinicheka kwamba nitaolewa na spana. Lakini Baba hakunifukuza, na alikuwa akizungumza huku akifanya kazi, si na mimi hasa, akizungumza tu. Neno lake kubwa lilikuwa hili: gari likizima usikimbilie kulifungua. Jana lilikuwa linakwenda. Jiulize kwanza, tangu jana nani kaligusa, na kagusa nini?

Baada ya arobaini ya Baba, wakubwa walikaa ukumbini wakaamua mambo yetu. Aliyekuja kuniambia uamuzi ni Ami Faraji, kaka yake Baba. Nataka mmjue Ami vizuri, msije mkamchukia bure. Alikuwa fundi wa kukalafati vyombo vya baharini, na kutoka Mlingotini mpaka Pangani hakukuwa na mkono kama wake. Chombo alichokipitia yeye hakikuingiza hata tone, na yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kuficha jambo hilo. Alikuwa na watoto saba na vyumba viwili. Alinikuta nikiosha masinia ya pilau la hitima, akakaa kwenye kibao cha mbuzi, akanieleza taratibu. Hamadi atakwenda Dar es Salaam kwa Shangazi, Magomeni. Saumu atakwenda huko huko, lakini kwa jamaa mwingine wa Temeke ambaye hakujaliwa mtoto. Mimi nitabaki kwake nimsaidie mkewe. Pikapu imepata mnunuzi, naye yuko Dar, kwa hiyo safari itakuwa moja.

Nilipangusa mikono nikasema, "Mimi sikubali, Ami."

Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto mgonjwa. "Hukuulizwa, mwanangu. Umeambiwa."

Nikarudi kwenye masinia. Nakumbuka nililisugua moja mpaka likaanza kutoa rangi.

Jioni ya kuamkia safari Ami alikuja kuikagua pikapu kama anavyokagua chombo kinachotaka kutweka tanga. Aliizunguka mara mbili, akagonga huku na huku kwa kidole, akafika kwenye mdomo wa tangi, akasimama. Pale penye tundu la kizibo petroli ilikuwa ikiruka kila gari lilipopita kwenye mashimo, ikaacha michirizi mirefu kwenye rangi. "Tazama," akaniambia. "Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mzuri, lakini mbao hakuzijua." Kwa Ami tundu lilikuwa adui. Maisha yake yote alikuwa akiziba matundu. Akaleta pamba yake, akaichovya kwenye sifa, akaipigilia ndani ya tundu kwa patasi butu mpaka likajaa, kisha akapitisha nyingine pembeni ya mpira, kote kote, kwa uhodari ambao hata mimi niliyemkasirikia niliuona. Alipomaliza alipapasa kizibo na kusema, "Hii sasa hata uitose baharini, haiingizi maji."

Asubuhi tuliondoka. Dereva alikuwa Mwinyimvua, mtu wa makamo aliyewahi kuendesha malori ya matajiri na ambaye wakati huo hakuwa na kazi. Alivaa kofia ya suti, ile ya kizungu, wala sijapata kumwona bila kofia hiyo. Ami alikaa mbele naye. Sisi watatu tulipanda nyuma pamoja na mafurushi. Mimi nilikaa juu ya mkeka ulioviringishwa, ubavu wangu karibu na mdomo wa tangi, na harufu ile ya sifa na petroli ikanipanda kichwani tangu Kiromo. Hamadi alikuwa ameegemea kebini akitazama mbele. Saumu alikuwa akiimba.

Tulipofika Zinga injini ikakohoa. Ikakohoa tena, gari likaruka kidogo kama mtu aliyejikwaa, kisha kimya. Tulisikia kuku wa watu wakiwika.

Mwinyimvua alifungua boneti. Akazungusha hendeli mpaka shati likamgandama mgongoni. Akafungua plagi moja moja, akazisugua kwa ubavu wa kiberiti, akazipuliza, akazirudisha. Halafu akakumbuka kutazama petroli. Alikuja nyuma, akahangaika na kizibo cha Ami, akakivuta kwa mikono miwili, na kilipochomoka nikasikia sauti karibu na sikio langu: fyuuu. Kama mtu aliyezamia akaibuka kuvuta pumzi. Mwinyimvua alikuwa akifikiria kijiti cha kupimia, hakusikia. Kijiti kilitoka kimelowa zaidi ya nusu. Petroli ilikuwa tele. Ami hakumwachia mtu kizibo chake. Alishuka na pamba na patasi akakirudishia mwenyewe kama kilivyokuwa.

Hendeli mara moja, gari likawaka.

"Plagi!" Mwinyimvua akasema, akavaa kofia yake vizuri.

"Alhamdulillahi," Ami akasema.

Tukaenda. Tulipofika Kerege, pale penye mikorosho ya kando ya barabara, likakohoa vile vile, likaruka vile vile, likazima.

Safari hii Mwinyimvua alikwenda moja kwa moja kwenye plagi. Akazisugua mpaka zikang'aa. Hendeli, hakuna kitu. Akafungua mpira wa petroli unaoingia kwenye kabureta, akauweka mdomoni akavuta, akatema mate matupu. "Petroli haifiki," akasema. "Pampu imekufa." Akaifungua pampu, akaitandaza juu ya kofia yake, vipande vyote vikiwa vizima. Akaifunga. Hendeli. Hakuna kitu. Kwenye tangi hakwenda tena, kwa sababu alikwisha kuona kwamba petroli imo.

Watu wakaanza kukusanyika, kama mnavyojua. Alikuwapo mama mmoja aliyekuwa akichoma mihogo kando ya barabara, waliyemwita Bi Siwatu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kufika ng'ambo. Alipojua kwamba gari ni la marehemu na linakwenda kuuzwa, alishika kiuno. "Basi mnahangaika nini? Mwenyewe hataki. Gari la maiti hilo, limegoma."

"Mama, geuza mihogo yako, inaungua," Mwinyimvua akamwambia.

"Mihogo yangu inaiva, baba. Gari lako je?"

Watu wakacheka. Ami hakucheka. Alikwenda mbele ya gari, akafungua viganja, akaanza kusoma dua polepole, na wengine wakaitikia.

Mimi nilikuwa bado nimekaa juu ya mkeka. Jana lilikuwa linakwenda. Nani kaligusa? Niliwapitisha mmoja mmoja kichwani. Mwinyimvua aliligusa, lakini baada ya kuzima. Hamadi hakuligusa. Aliyeligusa ni Ami. Kagusa nini? Kizibo. Lakini kizibo kinawezaje kuzima gari, tena kilichozibwa vizuri kuliko zamani?

Hapo ndipo debe langu liliponijia. Tangu Mama afariki nilikuwa nakamua mafuta ya nazi na kuyauza kwa chupa barazani. Debe la kwanza nilitoboa tundu moja tu juu, kwa kuogopa kumwaga. Nikiinamisha, mafuta yanatoka kidogo, yanasita, yanatoka kwa kwikwi, yanakatika kabisa na debe bado limejaa. Baba alipita, akachukua msumari, akatoboa tundu la pili upande wa pili wa kifuniko, na mafuta yakashuka kama uzi. "Lipe pumzi," alisema, akaenda zake. Sasa, nikiwa Kerege, nikaisikia tena ile fyuuu ya Zinga, nikaelewa kwa mara ya kwanza spoki ilikuwa ikifanya nini ndani ya kizibo. Petroli inapotoka tangini lazima hewa iingie mahali pake. Ami alikuwa amelikaba tangi koo. Na pale Zinga halikuponywa na plagi. Lilipona kwa sababu lilifunguliwa likavuta pumzi.

Mdomo ulikwisha kunifunguka niseme. Nakwambieni kweli, nilikuwa na furaha ya mtu aliyepata jibu la hesabu kabla ya darasa zima. Halafu nikamtazama Saumu, amelala juu ya furushi, kidole mdomoni. Likiwaka, nikafikiri, litatupeleka wapi?

Nikafunga mdomo. Nikashuka, nikajipangusa gauni, nikangoja Ami amalize dua kwa sababu hilo nalo ni adabu. Kisha nikasema, "Ami, mimi najua lina nini."

Mwinyimvua alitoa kichwa chini ya boneti. "Unajua nini wewe?"

"Najua kwa nini limezima. Naweza kuliwasha sasa hivi."

"Basi liwashe, mwanangu," Ami akasema. "Mtu anatungoja."

"Siliwashi."

Niliinamisha macho kama nilivyofundishwa, lakini maneno sikuyainamisha. "Nikiliwasha litakwenda kuwagawa wadogo zangu. Nitaliwasha ukikubali tugeuze turudi nyumbani. Gari lisiuzwe, na sisi tukae nyumbani kwetu, watatu."

Bi Siwatu alipiga makofi. "Yallah! Dereva, umeshindwa na msichana wa skuli. Ivue hiyo kofia umvishe yeye!"

Ami alinikaribia. "Umelitia nini? Mchanga? Sukari?"

"Wallahi sikuligusa, Ami."

"Basi nani kaligusa?"

Hilo sikulijibu.

"Mtoto wa kike," akasema polepole, "unaniwekea masharti barabarani, mbele ya watu?"

"Nyumbani sikuulizwa, Ami."

Ami alivua koti lake. Kisha akalitandika chini ya mkorosho, akakaa. "Haya. Tutakaa. Tuone nani atachoka."

Tulikaa. Jua lilifika utosini, likavuka. Mwinyimvua aliifungua pampu mara ya pili, kisha akalala chini ya gari na kofia usoni. Saumu aliamka akalia maji. Ndiyo saa iliyokuwa ngumu kwangu, na sitaki kuwaficha. Nilijua neno moja tu langeweza kumpatia maji, kivuli na chakula cha Shangazi, na neno hilo nilikuwa nimeliuma. Bi Siwatu ndiye aliyetuletea maji kwenye kata na mihogo miwili juu ya kipande cha jani la mgomba. Aliniinamia akanong'ona, "Wewe shikilia hapo hapo. Mimi waliwagawa ndugu zangu, mpaka leo mmoja simjui sura." Kisha akaondoka akipiga kelele kwamba mihogo ni ya moto.

"Dada, tutafika saa ngapi?" Saumu akaniuliza.

"Hatuendi," nikamwambia.

Karibu na alasiri basi likatokea upande wa Bagamoyo. Ami aliruka akasimama katikati ya barabara na mikono yote miwili juu. Basi likasimama, vumbi likatufunika. "Nafasi ya mtu mzima mmoja na watoto wawili," kondakta akapiga kelele, "na upesi!" Ami alishika furushi la Hamadi kwa mkono mmoja na mkono wa Saumu kwa mwingine. "Wewe baki na gari lako," akaniambia. Hamadi hakungoja kushikwa. Alikwisha kuweka mguu kwenye ngazi.

Sijui nilifikaje pale. Ninachojua ni kwamba nilimshika Hamadi shati mgongoni nikavuta kwa nguvu zangu zote, na shati likachanika kutoka kwenye kola mpaka chini, naye akaniangukia mchangani. Saumu akaanza kulia. Nikamdaka naye nikamkumbatia, tukawa watatu chini kama magunia. Kondakta alitutazama, akapiga bati la basi kwa kiganja. "Nyinyi mna kesi, hamna safari! Twende, dereva!" Basi likaenda.

Ami aliinua mkono. Alikuwa hajawahi kunipiga, wala sidhani kama alijua mkono umeinuka. Nikasimama mbele yake, nikasema kwa sauti ndogo ambayo yeye peke yake aliweza kuisikia.

"Nipige, Ami, lakini nisikilize kwanza. Jambo hili nikilisema hapa, hawa wote watacheka, na kicheko chao kitafika Mlingotini kabla yako. Nikikwambia peke yako, nitaapa lisitoke kinywani mwangu maadamu u hai. Nawe uape tunageuza."

Mkono ulishuka. "Kicheko cha nani?"

"Si changu."

Alikuwa mtu mwenye akili. Niliyaona macho yake yakienda nyuma ya gari, yakarudi. Watu walikuwa wakisogea ili wasikie. Bi Siwatu aliacha hata moto wake.

"Na nani atawatazama?" akauliza. "Nani atawapikia? Nani atakuwa mkubwa?"

"Mimi. Nani alikuwa akipika tangu Mama?"

"Na shule yako?"

"Naacha."

Neno lile lilitoka jepesi, kama kutema mbegu. Nilikuwa darasa la sita, na hesabu hakuna aliyenipita. Ami alimtazama Mwinyimvua, naye alikuwa ameketi sasa, akitukodolea macho chini ya kofia. "Mimi naweza kuwaendeshea gari la nazi, bwana," Mwinyimvua akasema, bila kuulizwa. "Kazi nyingine sina."

"Wallahi," Ami akasema mwishowe, "tunageuza. Lakini ikiwa umenidanganya, likipita basi jingine napanda nao wote wawili, na wewe hutafungua mdomo wako tena mbele yangu."

Nikaapa na mimi. Kisha nikamsogelea sikioni. "Ami, debe la mafuta linatobolewa matundu mangapi?"

"Mawili," akasema. "Moja la..." Niliona jibu likimwingia taratibu, kama maji yanavyopata njia kwenye mbao kavu. Alibaki amesimama, kidevu kimeshuka. Yule mtu aliyeziba kila tundu kati ya Mlingotini na Pangani, hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kuna tundu lisilozibwa.

Aligeukia watu. "Sogeeni huko, sogeeni. Kuna kitu nataka kusoma hapa nyuma." Akakiweka kiwiliwili chake kati yao na tangi, akaitandaza kanzu, na mimi niliyesimama ubavuni mwake nikamwona akichokonoa pamba yake mwenyewe kwa patasi, polepole, kama anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto. Tangi lilipovuta pumzi, Ami alikohoa kwa sauti kubwa ili kulifunika. Pamba akaitia mfukoni.

"Piga hendeli," akasema.

Mara ya tatu likawaka. Kerege nzima ikaitikia amina. Wiki chache baadaye, naambiwa, kuna mwenye lori aliyetuma mtu kutoka Kerege kuja kumwomba yule sharifu wa Bagamoyo aliyesomea gari la maiti likafufuka.

Tulirudi. Njia nzima petroli iliruka tena na kuchora michirizi. Ami hakuvunja kiapo chake, ingawa angeweza; baada ya kulijua tatizo hakunihitaji tena, na barabara ya Dar ilikuwa mbele yake wazi. Hilo sikuliona siku ile. Siku ile nilijiona mshindi, nikadhani nimembana mtu mzima akakosa pa kupita. Nilikuwa mama wa watoto wangu mwenyewe nilipofahamu kwamba aliyeshikilia neno lake njia nzima ya kurudi alikuwa yeye. Kila Ijumaa baada ya sala alipita kututazama, na kila alipopita alikuwa na samaki, na hakuwahi kukitaja kizibo. Nami sikukitaja mpaka alipofariki. Nimeomba ruhusa kwa wanawe kabla ya kuandika haya. Walicheka mpaka wakapangusa machozi.

Mwalimu alikuja nyumbani mara mbili kuniulizia. Mara ya pili nilimkuta barazani nikiwa natoka kushusha nazi, akanitazama mikono, akaniaga. Msinionee huruma. Nilikula kiapo kwa hiari yangu na nimekila chote. Pikapu ilituhudumia miaka tisa. Mwinyimvua alipoanza kupoteza macho niliendesha mwenyewe, na wanaume wa Zinga walizoea. Saumu akawa mkunga. Hamadi alimaliza sekondari, akapata kazi ya ofisini Dar, huko huko Magomeni.

Ni Hamadi aliyenieleza jambo ambalo sikulijua. Tulikuwa kwake, watu wazima sote, watoto wakicheza nje, na mkewe alikuwa ameniuliza kwa utani kama ni kweli nilimshusha mumewe kwenye basi. Nilikuwa nikisimulia vile mtoto wa watu alivyotaka kuchukuliwa kwa nguvu, Hamadi akasema, kwa upole, "Dada, mimi sikuwa nachukuliwa. Mimi nilitaka kwenda."

Nikamwuliza anasema nini.

Shangazi alikuwa amemwambia, siku ya arobaini, kwamba kwake kuna umeme na kwamba shule iko ng'ambo ya barabara. Alikuwa na miaka kumi na kwake nyumba yetu ilikuwa na maiti wawili katika kila chumba. Alitaka kuondoka. Alilia kwa siri wiki nzima baada ya Kerege, na mimi, niliyekuwa nikimsikia usiku, nilidhani anamlilia Baba.

Nimeligeuza neno lile miaka mingi. Nilikuwa nikijiambia nililizuia gari kwa ajili yao. Kwa Saumu, labda. Kwa Hamadi, sasa najua sikumwuliza, kama vile na mimi sikuulizwa. Nililizuia kwa ajili yangu. Nilikuwa mtoto aliyekwisha kuzika wawili, na nisingekubali mtu mwingine yeyote atoke mlangoni. Naweza kulisema hilo bila kuona haya. Lakini sikumwomba radhi Hamadi siku ile, wala sijamwomba mpaka leo, na yeye hajanidai.

"Ningekuwa najua," nilimwambia, "ningekushusha vile vile."

"Najua, Dada," akasema. "Na shati ulinichania, lile la pekee nililokuwa nalo."

"Nililishona jioni ile ile," nikamwambia, "kabla hatujala."